Mafuvu Tisa Jikoni Kwangu

Aibu hii nimeificha mpaka imechoka kufichwa, kwa hiyo niseme mwenyewe kabla baba mkwe hajawasimulia kwa namna yake: mimi, ninayejulikana soko zima la Bariadi kwa kukagua kila kitu mara mbili, nilimkimbiza mzee wa watu zahanati kwa sababu ya asali.

Ilianza na dumu la asali nililolitoa Mwanhuzi (safi kabisa, nilipatana mpaka muuzaji akakaa chini), shemeji zangu wakawa wanalishukia kila siku na kijiko cha kupakulia. Nikajiona mjanja. Nikabandua lebo kwenye chupa ya dawa ya pamba, ile yenye fuvu na mifupa, nikaibandika kwenye dumu. Hakuna aliyegusa. Nikanogewa, nikachora fuvu kwenye kopo la sukari, kwenye karanga, kwenye unga wa ulezi, mpaka yakawa mafuvu tisa (niliyahesabu mara mbili), na shemeji wakazoea, na mke wangu Kabula akawa anachota sukari chini ya fuvu huku anaimba.

Jumapili moja baba mkwe akaja kutoka Kasoli, mkulima wa pamba tangu ujana wake. Kabula akamwekea michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) na asali, dumu akaliacha mezani. Mzee akala, akasifu, akaligeuza dumu. Picha ile anaijua kuliko sura yangu. Akaweka kipande chini taratibu.

"Mkwe, ungeniambia tu kama hunitaki."

Ningesema pale pale, lakini ningeanzaje kumwambia kwamba nawaficha wanawe asali? Nikasita kidogo, na katika kusita huko, Kabula akiwa nyuma ya nyumba anakimbizana na kuku, majirani wakajaa, mzee akapakiwa kwenye bajaji, nami pembeni yake nimelikumbatia dumu kama mtoto mgonjwa.

Nesi akafungua, akanusa, akaniangalia. Nikaanza kupatana naye aseme kwa sauti ya chini, hakupunguza hata kidogo. Ikabidi nikiri mbele ya foleni nzima na kulamba kijiko kama ushahidi. Mzee akashusha pumzi, foleni ikacheka, na mimi nikaanza kucheka, mpaka nesi aliponiuliza, "Na chupa uliyoibandua hii lebo iko wapi?"

Iko jikoni. Haina alama yoyote, rangi yake kama mafuta ya kupikia, na Kabula amebaki anamkaangia mgeni kuku.

Siku ile ndiyo pekee niliyopanda bodaboda bila kuuliza nauli. Nikakuta kuku anachemka kwenye mafuta, nikaipua karai kwa mikono mitupu (malengelenge ninayo bado). Kabula akanitazama, kisha akanionyesha chupa, juu kabisa ya kabati, imefungwa ndani ya mfuko.

"Baba Masanja, humu ndani kila kitu kina fuvu na tunakula," alisema. "Hiyo peke yake haina. Nikajua hiyo ndiyo ya kuogopa."

Nikakaa sakafuni, nikamshukuru Mungu mara mbili.

Lebo nimeirudisha kwenye chupa yake, chupa imefungiwa stoo, na mafuvu manane niliyoyachora nimeyakwangua yote. Sichori tena fuvu maishani, hata la utani. Shemeji sasa wanakula asali waziwazi, kwa kijiko kile kile cha kupakulia, na mimi nahesabu kimoyomoyo tu.