Diski ya Kutoka Rhamu

Mwanamke mmoja muuza mbuzi alisafiri kutoka Rhamu hadi duka langu la kutengeneza kompyuta hapa Garissa, diski ameifunga ndani ya mtandio. Marehemu mumewe alikuwa mpiga video za harusi. Kabla ugonjwa haujamzidi, alijirekodi akitaja majina ya mababu, mmoja baada ya mwingine, ili watoto wajifunze nasaba yao kwa sauti yake. Rekodi hiyo haikuwa kwingine kokote.

Tundu la diski lilikuwa la aina ambayo kompyuta za sasa hazina. Sokoni alinunua kiunganishi. Kiliingia barabara pande zote mbili, lakini kompyuta haikuona kitu.

"Imeingia, sasa inakataa nini?" akauliza. "Imekufa?"

"Hapana, habo," nikajibu, nikimwita mama mdogo kwa Kisomali. "Wewe na dalali mnapopatana bei, mikono chini ya shuka, mnaelewanaje?"

"Kwa vidole, wallahi. Hilo nalo ni swali?"

"Na kama vidole vyake vina maana nyingine?"

Akacheka. "Nitampa mbuzi bure!"

Nikamweleza kuwa zamani watengenezaji wa kompyuta waligawanyika. Kulikuwa na waya wa kasi, uliopendwa na wapiga video, na mwingine wa polepole lakini rahisi kuutengeneza. Wengi wakachagua ule rahisi, wakawa wanauongezea kasi, na ule wa kwanza ukaachwa. Mumewe hakukosea, alichagua uliofaa kazi yake. Kiunganishi kile kilikutanisha mikono tu. Vidole havikuelewana.

Akafikiri kidogo. "Basi si tutafute dalali anayejua vidole vya pande zote?"

Nilikuwa nimeshika bisibisi, tayari kuifungua diski. Nikaiweka chini. Studio moja ya picha mtaa wa pili ilikuwa bado na kompyuta kuukuu yenye matundu yote mawili. Tukaenda kwa miguu.

Faili zikatokea. Nikabofya. Sauti ya mwanamume ikakohoa, ikasema bismillahi, ikaanza na jina la kitinda mimba wao, ili ipande kutoka kwake hadi kwa mababu.

"Zima," akasema upesi. "Watoto wasikie kwanza."

Nikainakili rekodi kwenye diski mbili mpya za waya wa kawaida. Nilimwonya kwamba huu nao utaachwa siku moja, kwa hiyo aje tuihamishe tena mapema.

"Majina watayashika kichwani," alisema akizifunga. "Sauti ndiyo nitakayorudi nayo kwako."