Mke wa Bwana Daw

Hasira yangu ya siku ile haijaisha mpaka leo, na sioni sababu ya kuiacha iishe.

Tulikuwa tisa, sote wa kijiji kimoja karibu na Hpa-an, sote tukimenya kamba, hao wa baharini, katika kiwanda kimoja kule Mahachai, nchi ya Wathai. Tulitoka kijijini alfajiri. Gari likapanda milima ya Dawna huku wenzetu wawili wakitapika kwenye mifuko, na saa tano asubuhi tukafika darajani Myawaddy, mpakani na nchi ya Wathai. Aliyetuongoza alikuwa wakala, Ko Zeya, mtu wa maneno matamu, anayetafuna tambuu tangu jua halijatoka na kusema kila kitu kiko sawa.

Mwenye haraka kuliko sote alikuwa Htwe Yin. Ana miaka arobaini na sita, na kumi na tisa kati ya hiyo ameimalizia kwenye meza ya kamba. Kucha za vidole gumba vyake zimelika mpaka nyamani. Alikuja nyumbani kumzika mama yake. Binti yake wa pekee, Su Hlaing, wa miaka tisa, alimwacha Mahachai kwa jirani. Ruhusa yake ya kurudi ilikuwa inaisha siku ile ile. Asipovuka kabla ya jioni, kadi yake ya kazi inakufa na anaanza upya, miezi sita, pengine mwaka, na mtoto yuko ng'ambo ya mto.

Sisi hatuna majina ya ukoo. Mtu ana jina lake, basi, na mbele yake tunaweka heshima: Ma kwa dada, Daw kwa mama mtu mzima. Kadi ya kazi aliipata akiwa msichana, kwa hiyo imeandikwa Ma Htwe Yin. Alipokwenda kuchukua pasi mpya, karani wetu aliona mvi zake, akaona haya kumwita dada, akamwandika Daw. Na yeye alifurahi! Alitoka mle ofisini akituonyesha, eti hata serikali imemwamkia. Nilicheka naye. Hakuna aliyeliona shimo, hata mimi ninayejifanya mjanja.

Dirishani ng'ambo ya daraja alikaa afisa kijana, mgeni wa pale. Wale wa zamani wanatujua, wangegonga muhuri bila kuinua macho. Huyu alizilaza kadi na pasi pamoja, akasema hawa ni watu wawili.

Htwe Yin anakijua Kithai kuliko Ko Zeya. Akamweleza polepole, kwa adabu, mikono imekunjwa kifuani. Ma ni mdogo, Daw ni mkubwa, mtu ni mimi.

"Kwa hiyo ukizeeka unabadilisha jina?" yule afisa akauliza. "Simama pembeni, shangazi. Wengine wapite."

"Umeniita shangazi," Htwe Yin akamwambia. "Hilo ndilo neno lenyewe. Ndiyo Daw hiyo."

Afisa akanyosha mkono kuchukua pasi ya aliyefuata. Nilitamani kuingiza mkono kwenye lile tundu la kioo nimvute tai.

Tukapita sisi wanane, yeye akabaki amesimama chini ya feni mbovu. Saa sita, saa saba. Ko Zeya akaanza kutazama simu. Akasema gari la upande huu halisubiri, kiwanda kinatutaka kesho asubuhi, tumwache, atamshughulikia wiki ijayo. Wenzangu wakainamisha vichwa wakijifanya wanafunga mizigo. Watu aliowafundisha kushika kisu!

"Panda wewe na tambuu yako," nikamwambia Ko Zeya. "Mimi sitoki hapa."

Nikarudi dirishani. Afisa akaangalia orodha ya kundi letu, kisha akaniangalia mimi. Akauliza kama Htwe Yin ni ndugu yangu, maana naye kwenye kadi ni wa ukoo wa Ma, nami ni Ma Thinn Nwe, na kwenye orodha wamo wengine wanne wa ukoo huo huo. Kumbe alitufanya sote watoto wa baba mmoja.

"Ndiyo," nikasema. "Ni dada yangu."

"Mbona sasa ni Daw? Ameolewa?"

Nikageuka kumtazama Htwe Yin. Mumewe alikimbia Su Hlaing akiwa tumboni, na hakumwachia kitu, jina wala sufuria. Kwetu mwanamke haolewi akapoteza jina. Analala nalo kaburini. Alinielewa kabla sijafungua mdomo. Uso wake uliiva, nikadhani atatukana, na ningemuunga mkono.

"Nimeolewa," akasema. "Na Bwana Daw."

Afisa akatabasamu kwa mara ya kwanza. Akampa fomu, akamwonyesha pa kuandika jina la mume. Htwe Yin akaandika Daw kwa herufi kubwa, akiikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Muhuri ukagongwa. Yule kijana akamtakia ndoa njema.

Gari lilikuwa halijaondoka, na humo wenzetu wakapata midomo ghafla. Wakamwita bi harusi, wakamuuliza Bwana Daw ana ng'ombe wangapi. Niliwaambia wanyamaze, na sikuwaambia kwa upole. Htwe Yin alikaa dirishani, pasi mapajani.

Kabla hatujafika mji wa Tak simu yake ikalia. Alikuwa Su Hlaing, ametoka shule. Sauti ya yule mtoto ni kali, sote tulimsikia.

"Mama, umevuka?"

"Nimevuka."

"Ulikawia. Walikuwa wanataka nini?"

"Waliniuliza jina langu."

"Si ungewaambia tu?"

Htwe Yin akafuta dirisha kwa kiganja, ingawa halikuwa na ukungu.

"Sikuwaambia," akasema.