Walioliombea Tumbo Langu

Tumbo langu lilipata wageni wengi kuliko nilivyowahi kupata mimi mwenyewe. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nasuka nywele kwenye kibanda Kenyatta Market, Nairobi, na aliyenipa mimba alikuwa amebadilisha laini ya simu. Nilipanga SQ, kile chumba cha mfanyakazi nyuma ya nyumba kubwa, huko Kilimani. Mwenzangu wa kibandani alijua mahali pa kutoa mimba, tukakubaliana anipeleke Jumatatu.

Jumapili nikamwambia mwenyekiti wa kina mama wa kanisa letu. Labda nilitaka mtu anizuie. Alinishika mikono yote miwili hapo nje, watu wakitoka ibadani.

"Msichana wangu, usitoe. Hiyo ni life, Mungu ndio ameiweka hapo. Sisi kina mama tutakuwa family yako."

Jumatatu sikwenda.

Tangu hapo walikuja kila Alhamisi, watatu watatu, wakabanana kitandani kwangu, wakaniwekea mikono tumboni na kuomba mpaka mtoto akapiga teke. "Umeona? Anasema amina," mwenyekiti aliniambia, tukacheka. Nilizipenda sana Alhamisi zile. Mama yangu alikuwa amefariki, na tangu tumzike hakuna mtu aliyekuwa amenigusa kwa upole.

Nikajifungua msichana. Kwetu mtoto akizaliwa kina mama huja kumwona, na unga wa uji, sukari na leso, wakiimba mlangoni kabla ya kuingia. Nikapeleka habari kwamba nawangoja Jumamosi. Niliazima vikombe kumi na viwili kwa yaya wa nyumba kubwa, nikajaza chai themosi mbili, nikamvisha mtoto soksi nyeupe. Saa nane ikapita, saa tisa ikapita. Kila geti lilipolia nilisimama. Saa kumi na mbili nilirudisha vikombe vikiwa safi vile vile.

Kesho yake mama mmoja wa wale wa Alhamisi alinieleza huku akiangalia viatu vyake. Aliyezaa bila ndoa yuko chini ya nidhamu: anakaa viti vya nyuma, hashiriki Meza ya Bwana, na kina mama hawaendi kumwona mtoto wake, wasije wakaonekana wanasherehekea dhambi.

"Si mimi, dear. Ni sheria ya kanisa."

Mimba ilikuwa haina sheria. Nilikasirika hadi maziwa yakakataa kutoka.

Msidhani najuta. Kuhusu mtoto walisema kweli, na ukweli huo ninaushika mpaka leo. Walidanganya kuhusu wao wenyewe. Mwezi wote wa kwanza hakuna aliyempakata ila mimi na yaya. Siku moja upweke ulinizidi, nikamlaza, nikatoka nje, nikafunga mlango. Nikaimba ule wimbo wa wageni kwa sauti ya chini, peke yangu, kisha nikabisha na kuingia na pakiti ya unga niliyojinunulia. Alikuwa macho, akinitazama. Nililia nikikoroga uji.

Alipokuwa na miaka mitatu, mwenyekiti alikuja kibandani nikimsuka mteja. Siku hizo mabishano ya katiba mpya na kifungu chake cha utoaji mimba yalikuwa moto, na kanisa liliandaa Jumapili ya kuupinga. Alitaka nisimame mbele na mtoto, nitoe ushuhuda. Alikuwa na karatasi ya ratiba na kalamu. Akainama, akamtabasamia binti yangu kwa upendo, na naamini upendo ule ulikuwa wa kweli.

"Sasa, mrembo? Unaitwa nani?"

Miezi mitano alimwombea, miaka mitatu ilikuwa imepita, na jina lake hakulijua. Binti yangu akalitaja. Mwenyekiti akaliandika, akamwomba alirudie polepole, akarekebisha herufi moja.

Mtoto nimemfunza adabu. Akauliza, "Na wewe ni nani?"

Mwenyekiti akanigeukia nimsaidie kujibu. Nikaendelea kusuka.