Noelene na Kibanda cha Baba Yangu

Klabu yetu ya magari inatengeneza kitabu cha wanachama wake, na Russell, mwenyekiti, kanipa mimi kazi ya kuandika habari za Noelene Brasher. Alisema, "Merle, umekaa naye ua kwa ua miaka ishirini na nane, unamjua kuliko sisi wote." Ni kweli namjua. Kama nampenda hakuniuliza.

Noelene alizaliwa Melbourne, karibu na reli, baba yake akifanya kazi kiwanda cha viatu. Alikuja hapa Tarwen akiwa na miaka arobaini na moja, na mume aliyefungua duka la vyombo. Miaka miwili haikupita, yule mume akaondoka na muuza maua. Noelene akabaki na nyumba, mbwa mzee na kazi ya posta. Mimi nilisubiri nimwone analia. Nilipika hata supu nikampelekea, nijionee mwenyewe. Akanishukuru, akairudisha sufuria kesho yake imesuguliwa mpaka inang'aa kuliko nilivyoipeleka. Hapo ndipo nilipoanza kumchukia kidogo.

Alikuwa anaogopa ng'ombe. Gari alijifunza akiwa mtu mzima, na akirudi nyuma uani kwake ilikuwa kazi ya robo saa. Mimi nilikuwa nakunywa chai dirishani namtazama.

Sasa lazima niseme yangu, maana bila hayo haya mengine hayaeleweki. Mimi nimezaliwa Bonde la Kettle, kule juu milimani, kwenye kibanda alichokijenga baba yangu kwa shoka na mikono yake. Tulichunga ng'ombe. Shule nilienda miaka mitatu tu. Nilipofika miaka kumi na mmoja baba alivunjika mguu, na mimi ndiye niliyeendesha lori kumteremsha hospitali, nimekalia gunia la shayiri nione njia. Baadaye serikali ikalifanya bonde lile hifadhi, ng'ombe wakatolewa, likawekwa geti la chuma. Ufunguo wakapewa klabu ya hawa wenye magari ya kuvuta magurudumu yote manne, kwa sababu wao ndio wanaokata miti inayoanguka njiani na kuziba paa la kibanda. Asiye mwanachama aende kwa miguu, kilomita kumi na tisa za mlima.

Clarrie, mume wangu, aliniambia mara nyingi, "Jiunge tu, Merle, twende tukapaone."

Nikamwambia, "Nilipe ada niende kwetu? Nilipie mlango wa baba yangu?"

Miaka kumi na mmoja nilisema hivyo hivyo. Clarrie akafa bila kupaona tena, naye alikuwa anapapenda. Hiyo ndiyo gharama ya kutojiunga, na haimo kwenye karatasi ya ada ya Russell.

Noelene alipostaafu posta alinunua gari jeupe, refu, la mtumba, akajiunga. Nilimwona uani anapanga vitu vyake kwenye turubai: redio ya mawasiliano, koleo, mkanda wa kuvutia gari, kizima moto, sanduku la dawa. Nikaegemea ua.

"Shoga, unahamia mwezini?"

"Ni vya klabu, Merle. Huwezi kutoka bila hivi."

"Wamekukamua kiasi gani?"

"Arobaini kuingia, tisini kwa mwaka. Redio peke yake mia tatu."

"Kwa pesa hizo ningekubeba mgongoni mpaka Kettle na kukurudisha."

"Magoti yako hayo?" akasema, akaendelea kupanga vitu vyake.

Nilicheka, lakini kicheko hakikushuka. Kwa sababu mwezi ule ule alienda. Akarudi na picha, akaja nayo jikoni kwangu akiwa na keki ya zabibu, wala hakuwa na nia mbaya, na hiyo ndiyo inayonikera kwa Noelene: hana nia mbaya. Kwenye picha amekaa kwenye ngazi ya mlango wetu, kikombe mkononi, nyuma yake bomba la moshi la mawe ambayo mimi na kaka yangu tuliyabeba kutoka mtoni. Amekaa pale kama kwake.

"Pazuri sana," akasema. "Ulikuwa unalala upande gani?"

Nilisema keki ni kavu. Haikuwa kavu.

Alienda mara ya pili, ya tatu, ya sita. Msitu wote akaujua. Halafu wakamchagua mtunza kibanda. Kila mwaka, mwezi wa nne, klabu inafanya mkutano kule kule Kettle, kila gari kura moja, wanachagua mtu wa kushika ufunguo wa mlango na kuamua nini kirekebishwe. Jina lake linaandikwa kwenye ubao juu ya meko. Juu ya meko ya mama yangu, jina la mtoto wa mjini aliyekuwa anakimbia ndama.

Usingizi uliniruka wiki nzima. Jumatatu nilikwenda kwa Russell na dola zangu mia na thelathini, nikamwambia niandikishe. Nilitaka ule ubao. Sikutaka kingine chochote kwenye klabu ile, na sikumficha mtu.

Kwanza wakanipeleka mafunzo siku mbili. Russell ana miaka arobaini, anafundisha kwa sauti ya mwalimu wa chekechea. Alinipa geji, akaniambia nipunguze upepo wa tairi kabla ya kupanda mchanga.

"Mwanangu," nikamwambia, "nilikuwa natoa upepo kwa kijiti cha kiberiti kabla mama yako hajamjua baba yako."

"Sawa, Merle. Leo tumia geji."

"Na hicho kitabu?"

"Kuna maswali ya kuandika, ishirini."

Nikamwambia macho yangu hayaoni vizuri, maana nasoma polepole na sikutaka ajue. Alinitazama, akanisomea yeye, nikajibu kwa mdomo. Nilipata kumi na tisa. Noelene, nikaja kuambiwa, alipata ishirini.

Basi ikafika safari ya mwezi wa nne uliofuata. Magari kumi na moja. Nilikuwa na lile pikapu la Clarrie, kuukuu lakini linavuta. Asubuhi getini Russell akatupanga, na akasoma kanuni ya msafara, ambayo ni hii: kila dereva anawajibika kwa gari lililo nyuma yake. Ukifika njia panda unasimama, unangoja mpaka wa nyuma akuone umeelekea wapi, ndipo unaondoka. Na wewe ukifika njia panda usikute mtu, husogei. Aliyekuacha ndiye atakayerudi kukuchukua.

Mimi akaniweka wa kumi. Wa mwisho akamweka Noelene.

"Kwa nini yeye nyuma yangu?" nikauliza.

"Wewe mgeni, Merle. Yeye mzoefu, atakuangalia."

Mgeni. Njia ya kwetu. Noelene alikuwa anafunga kofia yake, akanipungia mkono. Niliingia kwenye gari nikabamiza mlango mpaka kioo kikashuka chenyewe.

Tulipanda. Niseme ukweli, yule mwanamke anaendesha vizuri. Nilikuwa namtazama kwenye kioo nikitafuta kosa. Penye mawe alipita taratibu, gia nzito, bila kuchezesha gari. Penye mteremko hakugusa breki ovyo. Kila nikimtazama yupo, kwa umbali ule ule, taa zimewashwa, ananilinda kama mtoto wa mtu.

Tukafika njia panda ya Mti wa Chumvi, tulipokuwa tukiwawekea ng'ombe chumvi. Kulia unakwenda Kettle, kushoto unateremkia mtoni. Wa tisa alikuwa amenisubiri, akaniona, akakata kulia. Zamu yangu kusimama. Nikatazama kioo: vumbi tu, Noelene alikuwa bado nyuma ya kona. Na nikafikiri hivi, nayaandika kama nilivyoyafikiri: mkutano ni saa sita, akichelewa hatakuwepo, na asiyekuwepo hachaguliwi. Nikakata kulia bila kusimama. Nikakanyaga mafuta.

Nilipotokea kwenye uwanda na kukiona kibanda, moyo ulinidunda kama wa msichana. Mlango ule ule. Nikashuka, nikaugusa. Paa walikuwa wameliziba vizuri, siwezi kusema hapana. Watu walikuwa wanawasha moto, wanatoa soseji na skonsi. Russell akawa anahesabu magari.

"Kumi," akasema. "Merle, nani nyuma yako?"

Alijua ni nani. Lakini ndivyo wanavyouliza, mbele ya wote, jina ulitaje wewe.

"Noelene."

"Yuko wapi?"

"Njia panda, nadhani."

"Unadhani."

Wakajaribu redio, mlima umekaa katikati, haisikiki kitu. Mmoja akasema Noelene njia anaijua, zaidi ya mara sita amefika, atakuja mwenyewe. Russell akatikisa kichwa. "Noelene? Hatasogea hata unyayo. Nenda, Merle. Mkutano hauanzi mpaka magari yote yafike."

Hilo la mkutano kuwasubiri wote lilikuwa kwenye kile kitabu nilichosema sioni.

Nilirudi peke yangu, dakika hamsini kushuka. Nilikuwa nataka nimkute ameondoka, amepotea, amezama mtoni hata, kosa liwe lake. Nikamkuta pale pale katikati ya njia panda, gari limezimwa, ameketi kwenye kiti cha kukunja, blanketi magotini, anafuma soksi. Upepo ulikuwa wa kukata masikio.

"Umechelewa," akasema.

"Njia unaijua. Mbona hukuja?"

"Kanuni inasema nisubiri."

"Kanuni. Saa mbili umekaa hapa kama kisiki kwa sababu ya kanuni."

"Kama ningekuja, na wewe ukarudi kunitafuta kwa njia nyingine, tungekuwa watu wawili waliopotea." Akakunja soksi. "Ulifanya makusudi?"

"Ndiyo."

"Nilifikiri hivyo. Tairi zako zilichimba." Akanimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa. Nilikunywa, baridi ilikuwa imeniingia. Kisha akasema, akitazama pengine, "Russell akiuliza nitamwambia vumbi lilikuwa jingi, hukuniona. Huo ubao unautaka, Merle, kila mtu anajua. Ukijulikana kwa hili hutaupata."

Hapo nilikuwa na kila kitu mkononi. Ningenyamaza tu. Watu wengine walikuwa wameshaanza kusema kibanda ni cha baba yangu, nipewe. Wawili watatu waliniambia pale pale getini. Lakini kukaa chini ya ubao ule miaka yote iliyobaki, jina langu juu, nikijua limepandishwa na uongo wa Noelene Brasher, kama sufuria aliyonisugulia. Hapana.

"Usinisemee," nikamwambia. "Mdomo ninao."

Tukapanda tena, mimi mbele, yeye nyuma. Kila kona nilisimama mpaka nione taa zake.

Kibandani Noelene akafungua mlango kwa ufunguo wake, watu wakajipanga kwenye mabenchi. Russell akauliza kilichotokea. Noelene akasema, "Muulize Merle." Nikasimama mbele ya meko. Nikasema nilimwacha makusudi ili akose mkutano, kwa sababu nina wivu naye, nina wivu tangu picha ya kwanza, na kwamba kibanda hiki ni cha baba yangu na nakitaka. Nikakaa. Mzee Ambrose, ambaye ni fundi wa misumeno, akasema polepole, "Angalau mtu kasema." Na mkewe akamkanyaga mguu.

Wakapiga kura kwa mikono. Wanaomtaka Noelene: tisa. Wanaomtaka Merle: nikanyoosha wangu, sikuona aibu. Russell akahesabu, "Mbili." Nikageuka kutafuta wa pili. Ulikuwa wa Noelene, umenyooka kama wa mtoto anayeomba ruhusa darasani.

Baadaye, tukisafisha vikombe kijitoni, nikamwuliza kwa nini.

"Nyumba ni ya baba yako," akasema. "Na wao wamekunyima kwa sababu uliniacha barabarani. Yote mawili ni haki. Hata mimi kama nisingekuwa mimi ningekunyima."

"Sikutaka huruma yako."

"Si huruma. Bomba la moshi linanishinda, linarudisha moshi ndani. Nilitaka liwe tatizo lako."

Nilijua linarudisha kwa nini. Kuna jiwe bapa baba alikuwa analisogeza upepo ukitoka kusini. Sikumwambia siku ile. Nilimwambia kesho yake asubuhi, wote walipokuwa wanakohoa na mkewe Ambrose anatokwa machozi, na nilimwonyesha yeye peke yake, si Russell.

Basi hizo ndizo habari za Noelene. Ana miaka sitini na tisa, soksi zake ni nzuri, ng'ombe bado anawaogopa. Klabu inagharimu dola tisini kwa mwaka, na kwa pesa hizo nimelala mara nne upande wangu wa zamani, chini ya dirisha. Mwezi wa pili Russell alinipigia simu kuuliza kama nitalipa tena au nimechoka nao. Nikamwambia ana kichaa. Magari ni kumi na moja, zinatakiwa kura sita, mimi ninazo mbili. Mwaka huu natafuta nne.