Aliye Chini ya Sitaha

Fundi tuliyemwita Nati alikuwa na karakana iliyopakana na yangu, mimi mshona matanga, na sikuwahi kumwona akitia skurubu kwenye sitaha. Vile vyuma vyenye pembe mbili vya kufungia kamba alivikaza kwa bolti zinazopenya mpaka chini, zikapita kwenye ubao mgumu na kumalizikia na nati. Jina alilipata hapo. Ufupi wake nao ulichangia, maana sisi watu wa gatini hatuna adabu.

Bolti hutaka watu wawili. Mmoja yuko juu anakaza kwa bisibisi, mwingine amejikunja chini ya sitaha, gizani, ameibana nati kwa spana isizunguke. Hawaonani. Wa juu alikuwa kaka yake, pande la mtu. Wa chini ni Nati, kwa kuwa ndiye aliyeenea. Akishaibana, hugonga mbao mara moja, kaka mtu anakaza. Nilikuwa nikiwasikia kutoka kwenye cherehani yangu, na siku waliyokuwa kimya nilijua hakuna kazi.

Kisha wakagombana. Kwa ajili ya nini? Rangi! Kaka alijiundia chombo chake mwenyewe, akakipaka kijani. Nati akasema hiyo ni rangi ya mlango wa choo. Neno likazaa neno, na watu wazima na ndevu zao wakawa hawasalimiani. Chombo kilikuwa kimebakiza vyuma vya kamba tu. Kaka akatuma mtu kumwita Nati aje ashike chini.

"Mwambie akashikiwe na rangi yake," Nati akajibu, nasi tuliokuwepo tukacheka.

Basi kaka hakutaka mwingine, akafunga kwa skurubu zinazouma ubao tu, kwa sababu mtu aliye peke yake hana njia nyingine. Dhoruba ilipokuja alirukia chomboni kuongeza kamba. Chuma cha mbele, cha omoni, kiling'oka na skurubu zake, kikamchapa kifuani. Tulimzika kesho yake. Chombo kilipona, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote.

Nati aliendelea kufanya kazi, akishikiwa na yeyote aliyepatikana. Lakini pale ufukoni kilipopandishwa chombo kile cha kijani hakupita. Alizunguka nyuma ya maghala, hata kwenye mvua.

Mwaka huu mjane wa kaka yake akaingia karakanani na mfuko mkononi. Alitaka kukishusha chombo majini akiendeshe mwenyewe, maana alikuwa akimsaidia mumewe usukani tangu wakiwa wachumba. Akamwaga vyuma mezani, vyepesi, vinang'aa.

Nati akazungusha kamba kwenye kimoja. Pembe zikajaa kabla hata hajafunga. "Shemeji, hivi ni vya kutundikia taulo."

"Nichagulie basi. Si ndiyo kazi yako?"

Akashusha vingine rafuni, vizito, vyenye kitako kipana na matundu manne, na pembe ndefu ambazo kamba nene ilizizunguka ikabaki na nafasi. "Chukua hivi. Mpe fundi wa ng'ambo akufungie. Mwambie bolti."

"Yule ni mtu wa skurubu, unajua."

"Shemeji, chombo kile mimi siwezi."

"Basi atafunga yeye kwa skurubu zake," mjane akasema, "na atakayekuwa humo dhoruba ikija ni mimi."

Nati akavirudisha vile vyepesi mfukoni. Kisha akachukua keekee yake ya kutobolea mbao.

Nilifuatana nao, nikisingizia kupima tanga. Nati alifunga vya nyuma na vya ubavuni, mimi nikikaza juu na yeye akishika chini. Tulipofika omoni akakuta matundu ya zamani, yamechanika. Akayapitishia kidole gumba moja baada ya jingine. Akakata ubao ule ulioharibika, akaziba kwa kipande kipya, akatoboa, akapaka gundi, akatia bolti. Halafu akaiweka spana juu ya sitaha, asishuke chini.

Mjane akaiokota. Alikaza mtandio wake, akainama, akaingia chini ya sitaha mwenyewe.

Nati akapiga magoti juu ya bolti na bisibisi yake.

"Shemeji," akaziambia mbao. "Aliniita nije nishike. Nikakataa."

Sisi wote tulilijua hilo. Yeye hakuwa amelitamka hata siku moja. Mimi nikaona aibu kuwa pale na futi yangu ya kupimia.

"Najua," sauti ikatoka chini. "Jibu lako lilipoletwa, nilikuwa nimesimama naye."

Nati akaweka paji la uso juu ya sitaha, akalia.

Kisha mbao zikagongwa mara moja.

"Nimeshika, shemeji. Kaza."