Yuani Zangu Zimelipwa na Mama Nisiyemjua

Admin, ondoa jina langu na la ufuo wetu, mengine yaache yalivyo. Watu wa huku wanasoma ukurasa huu.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na nne, naishi Kisumu. Nilimaliza kidato cha nne, na kila jioni huandika mambo ya siku yangu, kwa hivyo nitajaribu kueleza kwa mpangilio.

Ninaagiza taa za sola kutoka China, zile za kuvulia omena, dagaa wa ziwani. Wanawake wenye mashua hunipa pesa, nami naagiza kwa dada mmoja muuzaji wa huko. Yeye anataka yuani, pesa ya kwao. Benki inanikata mara mbili, shilingi kwenda dola, dola kwenda yuani, ndipo nikaanza kupitia kwa shemeji, mdogo wa mume wangu. Namtumia shilingi kwa simu, marafiki zake walio kule wanamlipa muuzaji kwa yuani. Sikuwahi kuuliza hao marafiki ni akina nani. Mtu wa nyumbani, ningeanzaje kumhoji?

Jumatatu muuzaji aliniandikia kwamba polisi wa kwao wamefunga akaunti yake. Yuani nilizomlipa zilitoka kwenye akaunti ya mama mmoja mzee aliyetapeliwa akiba yake. Akanitumia jina la huyo mama na kuuliza, "Huyu ni nani wako?"

Nilimpigia shemeji. Akacheka.

"Yuora, sema ni mama yako." Huniita hivyo, yaani shemeji kwa Kijaluo.

"Mama yangu Mchina? Tangu lini?"

"Basi sema ni mtu wa biashara. Halafu futa meseji zetu zote."

"Kwani wewe unamjua huyo mama?"

Sauti yake sasa haikuwa ile ya kawaida. "Wewe ndiye uliagiza taa, jina ni lako. Ukinitaja, tunaenda ndani wote. Na utamwambia nini ndugu yangu?"

Muuzaji amenipa hadi kesho. Nisipomtaja aliyepanga malipo hayo, atawapa polisi jina langu, na taa hazitoki. Wanawake nao hawaniachi: "Mama, taa iko wapi? Mwezi umeisha, giza ndiyo hii." Omena huvuliwa gizani, mbalamwezi isipokuwepo, na wengine waliuza mbuzi kunipa hizo pesa.

Mume wangu hajui lolote. Shemeji amekuja kwetu jioni hii, eti kutusalimia, wako sebuleni wanacheka. Niko jikoni nasonga ugali na kuwaandikia. Amenitumia ujumbe kutoka hapo hapo alipokaa: anataka picha ya kitambulisho changu, na barua yenye sahihi yangu kwamba yule mama alilipa kwa niaba yangu.

Nikimtaja, nimevunja nyumba. Nikitia sahihi, nimejifunga mwenyewe kwa wizi wa akiba ya mama wa watu. Nyinyi mngefanya nini? Nijibuni upesi, tafadhali. Ananiita sasa hivi: "Yuora, maji ya kunawa iko wapi?"