Kitoweo cha Mwosha

Bi Mahfudha ndiye anayetuosha wanawake wa mtaa wetu hapa Nizwa tunapokufa. Alizaliwa Wete, akaletwa Oman na wazazi wake akiwa na miaka kumi, akawa karani wa shule mpaka akastaafu. Kazi ya kuosha maiti aliirithi kwa mama yake bila ya kuulizwa kama anaitaka. Sasa ana miaka sitini na miwili. Magoti yamechoka, na mwenyewe amechoka kuliko magoti. Simu ikilia alfajiri, anajua si ya salamu.

Tunamheshimu sana. Tunamwombea pepo, na tukishamaliza kumwombea, tunaogopa kula naye. Matangani, sinia la wali likiwekwa, akishakaa Mahfudha tu, wenzake hushiba ghafla. Mmoja anakumbuka simu, mwengine tumbo linamsumbua. Na desturi yetu ni kuwa mkubwa wa sinia ndiye anayemega kitoweo kwa mkono wake na kumsogezea kila mtu upande wake. Basi Mahfudha humega, husogeza, na nyama hubaki pale pale alipoiweka mpaka sinia linaondolewa. Mimi, Fakhriya, jirani yake kwa miaka ishirini sasa, ni mmoja wa hao wanaoshiba. Najua mikono ile ni safi kuliko yangu. Mimi najua, koo langu ndilo lisilojua.

Wiki iliyopita tulizika asubuhi. Mchana binti yangu Wasan akanipeleka kwenye mkahawa wa Kijapani, ghorofani katika jengo jipya la maduka. Wanauza ramen, yaani tambi ndani ya supu, kila mtu na bakuli lake. Nikamwona Mahfudha amekaa peke yake kwenye kaunta, uso ukutani, kibao kimoja cha mbao kulia na kimoja kushoto, vimemtenga na viti vya pembeni. Alikuwa akila kwa vijiti, taratibu, kama mtu aliyezoea. Mhudumu, msichana mdogo, akamletea maji ya ndimu bila ya kuagizwa. Nikaelewa kuwa ndipo anapokuja kila akitoka kuosha. Hapa hakuna anayekula na mwenzake, na hakuna anayemjua.

Ningeweza kunyamaza. Lakini ulimi hauna mfupa, na wangu hauna hata haya.

"Bi Mahfudha, kumbe nawe uko huku? Si sasa hivi tu umetoka kumwosha marehemu?"

Nilisema kwa Kiswahili, nikidhani hapana atakayefahamu. Mhudumu akasimama na jagi mkononi, akamtazama Mahfudha vidole vyake. Mahfudha akaweka vijiti chini.

"Mwosha huoshwa, Fakhriya," alisema bila ya kugeuka. "Lakini kabla ya kuoshwa, hula."

Akaanza kuutafuta mkoba wake. Nilijua nimemnyang'anya kiti pekee alichokuwa nacho, na niliona haya mpaka masikio yakawaka.

Msichana alikwenda jikoni. Aliporudi alikuwa na bakuli la chakula chake mwenyewe cha mapumziko, tambi tupu katika supu. Akakichomoa kile kibao cha kulia, akakiegemeza ukutani, akakaa.

"Shikamoo, Bibi. Mimi Tahani. Jadda, yaani bibi yangu, Bi Ghaniya wa Ibra, alikufa hapa Nizwa mwaka jana. Wewe ndo ulimwosha?"

"Marahaba, mwanangu. Ni mimi."

"Mimi walinikataza kuingia." Alikuwa anatafuta maneno ya Kiswahili. "Maji ilikuwa baridi? Yeye hapendi baridi, wallahi. Hata wakati wa joto anavaa soksi."

"Yalikuwa vuguvugu. Niliyajaribu kwa kiwiko kwanza, kama maji ya mtoto mchanga."

Tahani akaitikia kwa kichwa, akaitikia tena, akajifuta macho kwa mkono wa shati. Mwaka mzima alikuwa na swali hilo na hakuwa na wa kumuuliza.

Mahfudha alilitazama lile bakuli lisilo na kitoweo. Nadhani hakufikiri. Alitia vidole katika supu yake, akamega kipande cha kuku, akakiweka upande wa msichana. Halafu akashtuka. Mkono ukabaki juu ya mabakuli mawili, haujui urudi au ukae. Asubuhi ile vidole vile vilikuwa vimeshika kafuri na majani ya mkunazi, na Tahani sasa alijua hivyo kama ninavyojua mimi.

Tahani akakila kile kipande. Akalisogeza bakuli lake karibu zaidi.

"Na yai, Bibi."

Mahfudha akammegea yai. Mabega yake, ambayo sijapata kuyaona yameshuka, yalishuka.

Tambi zetu zilipoletwa, Wasan akaniuliza mbona sili. Nikamwambia nimeshiba.